Maji Kandokando ya Moyo

Kama ulipasuliwa moyo, kidonda kikafunga, ukarudi nyumbani watu wakakupokea kwa vigelegele, halafu wiki chache baadaye kifua kikaanza kukuuma upya na ukaona aibu kusema, haya nayaandika kwa ajili yako. Sina udaktari wowote. Naitwa Robi, ni fundi cherehani wa Nyamisangura hapa Tarime mjini, mke wa Ryoba, mama wa watoto wawili. Ninachokijua ni kile kilichonipata, na namna alivyoniona mtu mmoja wakati mimi mwenyewe najificha. Mtu huyo ni baba mkwe wangu.

Nilizaliwa na tundu kwenye moyo, nikaishi nalo miaka thelathini na mitatu bila kujua. Nilijua tu kwamba nachoka kuliko wenzangu. Wasichana wa rika langu walikuwa wakipanda kilima na ndoo kichwani huku wanacheka, mimi napanda nikiwa nimenyamaza, nahesabu hatua. Baada ya mtoto wa pili nikawa siwezi kukanyaga cherehani nusu saa bila kuhema kama mtu aliyekimbizwa. Ndipo nikapimwa, nikaelekezwa Dar es Salaam, na mwezi wa kwanza wa mwaka wakanifungua kifua wakaliziba lile tundu.

Walionipasua walifanya kazi yao vizuri. Kilichofuata hakikuwa kosa lao. Siku ya kuruhusiwa, nesi alinikalisha akaniambia, "Ukipata homa au maumivu ya kifua, usisubiri, nenda hospitali siku hiyohiyo." Akarudia mara ya pili. Nikaitikia mara zote mbili, kama mtoto anayeitikia huku macho yako mlangoni. Nilitaka kwenda nyumbani.

Nilikatazwa kuinua kitu chochote kizito kwa miezi mitatu, hata ndoo, hata mtoto. Nyamisangura tunateka maji bombani, na Marwa, mwanangu mdogo, alikuwa bado anataka kubebwa kila anaponiona. Ryoba, ambaye kazi yake ni kuchomelea mageti na madirisha, akaamua nikapumzike kwa wazazi wake Kenyamonta, upande wa Serengeti, watoto wabaki naye kwa sababu ya shule. Mama mkwe alinipokea kwa kunishika mabega na kulia. Baba mkwe, Mzee Magoiga, alisimama ng'ambo ya ua, akakohoa, akamwambia mkewe kwa sauti ambayo mimi pia niisikie, "Mwambie mkamwana karibu. Mwambie asiguse jembe."

Wasiotoka kwetu wanaweza kuona ni ukavu. Haikuwa hivyo. Kati ya mkwe na mkamwana tuna heshima yenye mipaka. Baba mkwe haingii nyumba anayolala mke wa mwanawe. Hawashikani mikono. Hamtazami usoni, na akiwa na neno analipitisha kwa mtu mwingine. Nilikuwa nimeolewa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumsogelea Mzee Magoiga zaidi ya upana wa ua. Nilimjua kwa kikohozi chake, kwa buti zake za mpira, na kwa namna alivyowaita ng'ombe wake asubuhi, mmojammoja kwa jina, kama mwalimu anayeita mahudhurio.

Wiki ya tatu tangu nifike, kanisani wakafanya ibada ya shukrani kwa ajili yangu. Mbuzi akachinjwa. Wakwe, majirani, kina mama wa kwaya, wote walikuwepo. Mchungaji akanisimamisha mbele akasema, "Mtazameni! Mzima kabisa!" Watu wakaimba mpaka wakaloa jasho. Nilikaa chini nikiwa na furaha ambayo siwezi kuieleza, na kabla hatujamaliza kula nikahisi baridi inapanda mgongoni.

Nikasema ni malaria. Mvua za masika zilikuwa ndiyo zinaanza, mbu walikuwa wengi, na malaria ni ugonjwa ambao hauaibishi mtu. Nikanunua dawa za malaria bila kupima, nikameza. Homa ikashuka, ikarudi. Ilipokuja mara ya pili ilikuja na maumivu.

Yalikaa nyuma ya kovu, upande wa kushoto, na yalikuwa yakinisubiri nivute pumzi. Pumzi ndogo, yananichoma kidogo. Pumzi kubwa, yananipiga hadi begani. Chafya moja ilinitoa machozi. Nikilala chali ilikuwa kama mtu ameniwekea jiwe la kusagia kifuani halafu akalikalia. Nikikaa nikainama mbele, yanapungua. Kwa hiyo nikajitafutia namna ya kuishi: nilipindua kinu cha mama mkwe, nikakaa kwenye kigoda mbele yake, nikakikumbatia na kuweka paji la uso juu yake. Hivyo ndivyo nilivyosinzia, mchana na usiku.

Mama mkwe alinikuta hivyo mara mbili. "Unaomba sana siku hizi, mwanangu," akasema.

"Naomba, mama."

Nilidanganya kwa sababu mbuzi alishachinjwa. Sijui kama utanielewa. Watu walikuwa wamenililia, wamenichangia, wamemshukuru Mungu mbele ya kanisa zima. Ningewaambiaje kwamba naumwa tena? Nilijiona kama mtu aliyepewa zawadi akaidondosha kabla wageni hawajaondoka.

Mwili haukunisaidia kudanganya. Miguu ilivimba hadi kandambili zikaacha alama. Matonge matatu ya ugali yalinishibisha kama sahani nzima. Sentensi zangu zikawa fupi. Nikiweka vidole shingoni nilihisi mishipa imetuna, migumu, kama kamba za kuanikia nguo. Nikawa navaa kitenge hadi kidevuni, nikisema nasikia baridi.

Asubuhi moja nikamsikia baba mkwe zizini, anaongea na mkewe kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

"Mama Ryoba, mwulize mkamwana kama analala."

"Anasema analala vizuri."

"Anadanganya." Nikasikia maziwa yanapiga ndoo. Kisha akasema, "Ng'ombe anayekataa kulala chini ana jambo kifuani."

"Na wewe umeanza lini kumwangalia mke wa mwanao?" Mama mkwe alikuwa amekasirika, nilisikia.

"Naangalia kila chenye pumzi katika ua wangu," akajibu. "Ndiyo kazi yangu."

Nilikaa na kinu changu nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Lakini pia, nakuambia ukweli, kuna sehemu yangu ilipumua. Kulikuwa na mtu anayejua.

Mama mkwe akanijia, akanishika mkono, akauona ulivyokuwa wa moto. Tukakubaliana kwamba kesho yake tutakwenda kituo cha afya, kwa sababu siku hiyo alikuwa na msiba wa dada yake kule Iramba na hakuweza kuukwepa. "Usitoke nje," akaniambia. "Nikirudi tunaondoka." Akaenda.

Ilikuwa kama saa nne. Nilitoka kuanua kanga kwenye kamba kwa sababu wingu lilikuwa linakuja. Nilipoinua mkono, dunia ikawa nyeusi kuanzia pembeni kuja katikati. Sikuanguka; nilishuka polepole, nikatambaa hadi ndani, nikakaa sakafuni nimeegemea kitanda. Moyo ulikuwa unapapatika kama kuku aliyeshikwa miguu. Nilijaribu kuita. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka.

Nikasikia kikohozi nje ya mlango. Kikohozi kirefu, cha heshima. Kikohozi cha pili. Halafu:

"Mama Ghati."

Ghati ni binti yangu wa kwanza. Katika miaka kumi na mmoja, mzee huyu hakuwahi kuniita moja kwa moja. Nilitaka kumwamkia, "Shikamoo, Tata," maana tata ndivyo tunavyowaita baba zetu, lakini hewa iliishia kwenye "shika". Mlango ukafunguka. Nikaona buti za mpira zimesimama kizingitini, zina tope. Zilikaa pale muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Kisha zikavuka.

"Naingia," akasema. Halafu, kama anayetaka mambo yawe wazi, "Nimeingia. Jifunike mabega, tunaondoka."

Mzee amepita miaka sabini na ni mwembamba kama fimbo yake. Aliniinua. Mikono yangu sikujua niiweke wapi. Nilimgusa begani kwa ncha za vidole, nimefumba macho kwa aibu.

"Usinishike kwa heshima," akasema. "Shika!"

Nikamkumbatia shingo. Alinukia maziwa na ugoro, na kifuani mwake nilisikia moyo wake unakwenda mbio.

Barabarani alimsimamisha dereva wa bodaboda, jirani yetu, mtu mzima mwenye familia yake. Mzee akanikalisha katikati, yeye akapanda nyuma yangu. Dereva akaniambia nikae wima. "Ainame mbele," mzee akamkatiza. "Mwache ainamie mgongo wako. Ukimnyoosha unamuua." Mvua ikatukuta kabla ya kijito. Watu walikuwa wamejikinga barazani mwa maduka, na wote walituona: Mzee Magoiga amemkumbatia mke wa mwanawe mchana kweupe. Na unajua alifanya nini? Aliwasalimia. Kila kundi tulilopita alipaza sauti, akawaita kwa majina, "Mko salama? Nampeleka mgonjwa!" Hakutaka mtu aseme alijificha.

Kituoni kulikuwa na foleni hadi nje. Kina mama wenye watoto wa kliniki wakanitazama shingo wakasogea wenyewe, bila kuombwa. Mmoja akanivua kanga iliyoloa akanifunga ya kwake. Mpaka leo sijui jina lake.

Aliyenipokea ni Daktari Mashauri, mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alinisikiliza kifua nikiwa nimekaa, akaniambia niinamie mbele, nibane pumzi, akasikiliza tena. Alifumba macho. Nimeishi maisha yangu yote na mafundi, na nilimtambua fundi. Kuna namna mtu anavyonyamaza kazi inapompa jibu.

"Nasikia kitu kinasuguana," akasema, "kama vipande viwili vya ngozi kavu. Na mapigo yenyewe yako mbali, kama ngoma iliyofunikwa blanketi. Alipasuliwa lini?"

Nikamwonyesha vidole viwili, vya miezi. Akageuka kwa mzee, aliyekuwa amesimama amenipa mgongo, ameutazama ukuta. "Na wewe mzee, umeona nini nyumbani?"

"Nilikuwa na ng'ombe mweusi," mzee akasema kwa ule ukuta. "Alimeza waya. Alikataa kulala. Alisimama ametanua viwiko nje, mishipa ya shingo imetuna, hapa chini ya kidevu kunavimba. Watu walisema ni kupe, wengine wakasema ni jicho baya. Tulipomchinja nilikuta mfuko wa moyo umejaa maji kama kibuyu. Huyu mama anasimama kama yule ng'ombe."

Nesi mmoja akacheka kidogo. Daktari hakucheka. Alivua vile vya kusikilizia masikioni.

"Yule ng'ombe alikaa hivyo siku ngapi?"

"Siku ya nne tulimchinja."

"Na huyu?"

"Leo siku ya sita tangu aanze kukataa kulala."

Daktari Mashauri alikuwa ameshasimama, anaita gari la wagonjwa.

Wakati tunasubiri gari, alichuchumaa mbele yangu akanieleza kwa maneno ambayo nimewapa watu wengi tangu siku ile. Moyo unakaa ndani ya mfuko mwembamba. Baada ya upasuaji, kwa baadhi ya watu, mfuko ule unavimba kwa kuwa umeguswa, unatoa maji, na maji yakizidi yanaubana moyo, unashindwa kutanuka kupokea damu. "Hujakosea dawa, hujarogwa, na waliokupasua hawajakuharibu," akasema. "Inatokea. Inatibika. Ila leo, siyo kesho."

Hospitali ya Mugumu wakanipaka mafuta baridi kifuani wakautazama moyo kwenye kioo cha kipimo. Mtu aliyekuwa akipima alikuwa mchangamfu, ananiuliza habari za Tarime, halafu akaacha katikati ya swali akaenda kumwita daktari. Dakika chache baadaye tulikuwa tena ndani ya gari, safari ya Mwanza.

Nesi alining'inizia dripu kwenye ndoano, lakini barabara ya vumbi iliirusharusha, basi mzee akainyanyua na kuishika kwa mkono. Mkono ukichoka anabadilisha. Alikuwa ameambiwa nisisinzie, na kwa kuwa hakuwa na mazungumzo ya kumpa mkamwana, aliniambia majina ya mahali. "Hapa Nata. Hapa nilimnunua dume mwenye doa." Kisha, "Bunda, hii." Baada ya Bunda hakuwahi kufika, kwa hiyo alikuwa akimwuliza nesi, nesi anamwambia, naye ananipa mimi: "Anasema Lamadi." "Anasema Magu." Nilikuwa nimeinamia mto, sioni kitu, na nchi nzima ilinipita kwa sauti ya mtu ambaye hakuwahi kuzungumza nami.

Mwanza walinilaza nusu nimekaa, wakanitia ganzi chini kidogo ya mfupa wa kifua. Daktari alikuwa mwanamke, mikono yake midogo kama ya mtoto wa shule. Akaniambia, "Utasikia nasukuma. Usiogope." Sindano ikaingia, ikafuata mpira mwembamba, na maji yakaanza kushuka kwenye chupa, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Chupa ilipofika nusu nilivuta pumzi. Pumzi nzima, hadi chini. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa amenikalia kifuani ameinuka, akachukua kiti chake akaenda zake. Nikalia. Halafu nikaomba chakula, wote wakacheka, na uji wa lishe wa siku ile bado naukumbuka kuliko chakula chochote cha harusi.

Nilikaa na ule mpira siku nne. Siku zote hizo mzee alikaa kwenye benchi la nje, buti miguuni, fimbo magotini. Kila ndugu wa mgonjwa aliyekaa karibu naye alipata habari za yule ng'ombe mweusi. Nesi alinisimulia kwamba wakati wa kuona wagonjwa alikuwa anafika hadi mlango wa wodi, anakohoa, anasubiri nesi atoke amwambie, "Anaendelea vizuri, baba," kisha anarudi kukaa. Hakuingia hata mara moja. Mpaka ulikuwa umerudi mahali pake.

Ryoba alifika siku ya pili. Nilitegemea afurahi, na alifurahi, alinishika uso kwa mikono yake yenye makovu ya cheche. Lakini alikuja na neno.

"Wamenipigia simu watu watatu kabla ya baba," akasema. "Watatu, Robi. Hakuna aliyeniambia mke wako anakufa. Wote wameniambia baba yako amembeba mke wako."

"Alinibeba."

"Najua."

"Ungetaka aniache?"

Akageukia dirishani. "Ningetaka niwe mimi," akasema. Nikajua kwamba hilo ndilo lililokuwa linamuuma, na kwamba halikuwa na dawa ya kumeza.

Tuliporudi Kenyamonta, mvua zilikuwa zimekolea na wazee wa ukoo walikuwa wanatusubiri. Mama mkwe alikuwa haongei na mumewe. Alimpenda, na mimi alinipenda, lakini alikuwa amefika kutoka msibani akakuta kijiji kizima kina simulizi na yeye hana. Wazee wakakaa. Nilikuwa ndani, dirisha liko wazi. Mmoja akasema mengi kuhusu mila na mwanzo wa kuharibika kwa dunia. Mzee Magoiga akamwacha amalize.

"Nimevunja," akasema. "Sikatai. Nimeingia nyumba ya mkamwana, nimembeba, nimepanda naye pikipiki. Mbuzi wa kusafisha yuko pale, nimemfunga tangu asubuhi, mchukueni. Lakini mkiniuliza kama nitarudia, nitarudia. Mfungeni na wa pili kabisa."

Nikasikia mtu anacheka, na nikaitambua sauti ya mama mkwe. Wazee wakafuata. Mbuzi akachinjwa, ikasemwa dua, ikaisha. Ryoba alikula nyama ameketi karibu na baba yake, magoti yanagusana.

Natamani ningekuambia kwamba baada ya hapo nilikuwa mgonjwa mwenye akili. Mwanza walinipa dawa za kupunguza uvimbe, na kidonge kingine kidogo cha kumeza asubuhi na jioni kwa miezi mitatu. Kile kidogo kilinivuruga tumbo. Mwezi wa kwanza nilivumilia. Mwezi wa pili, masika yameisha, ulezi umeanza kukomaa, nilikuwa natembea hadi shambani bila kuhema, na nikajiambia nimepona, nikaacha. Siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu nilipiga miayo nikachomwa palepale, nyuma ya kovu.

Safari hii sikukumbatia kinu. Nilikwenda moja kwa moja jikoni nikamwambia mama mkwe, "Mama, yamerudi. Na nimeacha dawa." Akaweka mwiko chini. Alinifokea kuanzia jikoni hadi kituo cha afya, njia nzima, na huku ananifokea alikuwa amenishika kiuno nisiteleze. Daktari Mashauri akasikiliza, akanituma kupimwa Mugumu. Maji yalikuwepo, kidogo sana, ya kutibika kwa vidonge. "Ni kama makaa uliyoyafukia majivuni," akaniambia. "Ukiona moto hauonekani usidhani umezimika. Meza, mama. Tumbo likisumbua, njoo tuzungumze. Usiamue peke yako."

Nikaanza upya. Tangu siku hiyo, kila asubuhi baada ya kukamua, kutoka ng'ambo ya ua ilisikika sauti: "Mama Ryoba, mwulize mkamwana kama amemeza." Mama mkwe, aliyekuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, ananiuliza, "Umemeza?" Mimi najibu, "Mwambie nimemeza." Yeye anapaza sauti, "Anasema amemeza!" Na mzee, ambaye alishasikia yote, anajibu, "Haya." Ulezi ukavunwa, ukapigwa, ukahifadhiwa. Kiangazi kikapita. Haikupita asubuhi hata moja bila kuulizwa.

Kwa hiyo, wewe unayesoma: homa baada ya upasuaji usiipe jina mwenyewe. Maumivu yanayozidi ukilala na kupungua ukiinama, yaseme siku hiyohiyo. Vidonge vimalize. Na kama umemwona mtu nyumbani kwako anasinzia amekaa, usingoje akuambie.

Vidonge viliisha vuli ilipoanza, nikarudi kwangu Tarime. Nikatakiwa kurudi Mwanza kwa kipimo cha mwisho. Ryoba alifunga kibanda chake cha kuchomelea ili anipeleke. Siku ya kuondoka, mama mkwe akanipigia simu. "Mzee anauliza kama gari lenu lina nafasi." Alitusubiri Bunda stendi, amevaa koti na kofia yake ya sikukuu.

Ryoba aliingia nami kwenye kipimo, mzee akabaki nje kama kawaida. Daktari ni yuleyule mwenye mikono midogo. Alitazama muda mrefu, akanitazama mimi, akatabasamu. Hakukuwa na maji. Nilipokwisha kuvaa nikamwomba jambo moja, na alipolisikia alikwenda mwenyewe mlangoni. "Baba, karibu ndani. Kuna kitu cha kukuonyesha."

Mzee aliingia amejitahidi kupita mbali nami. Daktari akarudisha picha ya video aliyoihifadhi, akamgeuzia kioo. "Huu ndio moyo wa mkamwana wako. Hapa ndipo maji yalipokuwa. Umeona? Yameisha."

Mzee Magoiga amechinja ng'ombe maisha yake yote. Ameshika mioyo mingi kuliko daktari yeyote niliyemwona, yote ikiwa imenyamaza. Alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Ule moyo ulikuwa unafunga na kufungua, unafunga na kufungua, milango yake midogo inapepea. Akavua kofia.

Ryoba alitaka kusema kitu, nikamgusa mkono.

"Kumbe haupumziki," mzee akasema. Akaendelea kuutazama. "Hata kidogo. Kumbe muda wote ule nimekubeba, ulikuwa unahangaika hivi."

Alikuwa ameyasema kwangu, ananitazama usoni.